Sura ya Tano: Watu wa Mbeya Hawakupotea

Sensa ya mwaka 2012 iliukuta Mkoa wa Mbeya una watu 2,707,410. Sensa ya 2022 ikaukuta una watu 2,343,754. Ukitoa, linabaki pengo la watu 363,656. Hao ni wengi kuliko wakazi wote wa Wilaya ya Rungwe kama walivyohesabiwa mwaka 2012.

Mpwa wangu alikuwa anaandika kazi yake ya mwisho ya chuo kuhusu soko la mchele. Hesabu hiyo aliifanya kwenye simu, akaipata, kisha akaitafutia sababu: vijana wamekimbilia Dar es Salaam, ardhi imechoka, wachimbaji wadogo wamefuata dhahabu kwingine. Zote zilikuwa sababu zinazoingia akilini, na alikuwa ameziandika vizuri. Akaniletea kurasa tatu nizisome.

"Mjomba, nimepata hoja ya sura nzima," aliniambia.

Namba zake zote mbili zilikuwa sahihi. Zilitoka Ofisi ya Taifa ya Takwimu na hakukosea tarakimu hata moja. Hata hivyo hoja ilikuwa imeanguka tangu mstari wa kwanza, kwa kuwa hakuna mtu aliyepotea Mbeya. Jibu nilikuwa nalo, lakini sikumpa. Nilitaka aone mwenyewe linakaa wapi, ili siku nyingine, akiwa na swali nisilolijua mimi, ajue pa kuelekea. Kesho yake tukaenda maktaba ya mkoa.

Kwenye sehemu ya rejea alikuwapo mama mmoja mkutubi, miwani yake ikining'inia kwa kamba shingoni. Mpwa wangu alimwamkia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nikusaidie nini?"

"Naomba kitabu cha sensa."

"Sensa ipi? Na ndani yake unatafuta nini?"

"Idadi ya watu wa Mbeya. Ya 2012 na ya 2022."

"Mbeya ipi?"

"Mkoa, mama."

"Sawa. Mkoa wa lini?"

Kijana akanitazama, nami nikatazama rafu. Tangu siku hiyo nimekuwa nikisema kwamba maneno hayo matatu, *mkoa wa lini*, yangetosha kuandikwa juu ya mlango wa kila chumba kinachotunza takwimu nchini. Simu haikuwa imemuuliza swali hilo. Ilimpa namba alizoziomba, moja baada ya nyingine, bila kumwambia kwamba jina Mbeya katika namba ya kwanza na jina Mbeya katika namba ya pili ni majina ya vipande viwili tofauti vya ardhi.

Mkutubi alileta ripoti ya sensa ya 2012 inayogawa idadi ya watu kwa maeneo ya utawala, iliyochapishwa Machi 2013. Ni kitabu kizito, karibu chote majedwali, na sidhani kama kuna aliyewahi kukisoma kwa kujiburudisha. Lakini ukifungua penye mkoa wako utakuta wilaya zake, na chini ya kila wilaya utakuta kata moja moja, wanaume na wanawake, idadi ya kaya na wastani wa watu katika kila kaya. Hapo Mbeya ilikuwa na halmashauri kumi: Chunya, Mbeya Vijijini, Kyela, Rungwe, Ileje, Mbozi, Mbarali, Momba, Jiji la Mbeya na Mji wa Tunduma.

Mpwa wangu alipofika Mbozi alinyamaza. Mbozi iko Songwe, na hilo analijua kila dereva wa lori anayepita kwenda Tunduma. Mkoa wa Songwe ulianzishwa Januari 2016 kwa kuumega Mkoa wa Mbeya. Waliohesabiwa Mbeya mwaka 2012 na kuhesabiwa Songwe mwaka 2022, wengi wao walilala nyumba ile ile usiku wa sensa zote mbili. Kilichohama ni mpaka.

Kulijua hilo hakumalizi kazi. Mtu mwenye haraka angejumlisha wilaya zilizokwenda Songwe na kufunga kitabu: Mbozi 446,339, Mji wa Tunduma 97,562, Momba 196,818 na Ileje 124,451. Jumla ni 865,170. Lakini ramani ya sasa ya Mkoa wa Songwe ina wilaya nyingine iitwayo pia Songwe, yenye makao yake Mkwajuni, na wilaya hiyo haimo kabisa katika jedwali la 2012. Imetoka tumboni mwa Chunya. Kwa hiyo ilibidi tushuke ngazi moja zaidi, tuingie katika kata za Chunya zenye jumla ya watu 290,478, na kuuliza kila moja: wewe leo uko upande gani? Mkwajuni huku, Galula huku, na kadhalika. Mkutubi alituletea ramani ya wilaya na penseli. Kata zilizokwenda upande wa Songwe zilikuwa na watu 133,692.

Hapo hesabu ikakaa. Eneo ambalo leo ni Mkoa wa Songwe lilikuwa na watu 998,862 mwaka 2012, na eneo lililobaki kuwa Mbeya lilikuwa na 1,708,548. Miaka kumi baadaye Songwe ilihesabiwa watu 1,344,687, na Mbeya ile 2,343,754 yake. Kumbe Mbeya iliongezeka watu 635,206, yaani asilimia 37 kwa muongo mmoja. Kijana aliyekuja kuandika sura ya mkoa unaokimbiwa alikuwa ameketi mbele ya mkoa unaojaa. Soko lake la mchele lilikuwa linakua, na bila shaka ndiyo maana wafanyabiashara aliowahoji hawakuwahi kumlalamikia kwamba wateja wamehama.

Nimekaa sana kwenye mfano huu kwa sababu si wa Mbeya peke yake. Machi 2012 ilizaliwa mikoa minne kwa mpigo: Geita, Katavi, Njombe na Simiyu. Anayelinganisha Mwanza, Rukwa, Iringa au Shinyanga kati ya sensa ya 2002 na ya 2012 bila kuuliza mkoa wa lini ataingia shimo lile lile. Wilaya ndizo zenye hatari zaidi, maana kuzaliwa kwake hakutangazwi kwa kelele kama kwa mikoa. Biharamulo ilikuwa na watu 410,794 mwaka 2002 na 323,486 mwaka 2012. Ukiwa mbali unaweza kudhani imepigwa na njaa au vita. Ukweli ni kwamba Chato, iliyokuwa sehemu yake, imekuwa wilaya inayojitegemea, na katika kitabu cha 2012 unaikuta ndani ya Geita ikiwa na watu wake 365,127. Dawati linalogawa bajeti ya zahanati kwa kufuata namba ya Biharamulo peke yake lingeweza kuwapunguzia dawa wagonjwa ambao hawakupungua. Ndiyo maana jambo hili siwezi kulichukulia kuwa la wasomi tu.

Sasa, vitabu vyenyewe vinapatikanaje? Mwaka 1967 nchi yetu ilifanya mambo mawili ambayo huyaoni yakitajwa pamoja. Mwezi Agosti ilifanya sensa yake ya kwanza baada ya Uhuru, ikahesabu watu milioni 12.3. Na tarehe 9 Desemba, Mwalimu Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam, katika barabara ambayo leo inaitwa Bibi Titi Mohamed. Kwangu hayo ni matendo ya nia moja: nchi inajihesabu, kisha inajenga nyumba ambamo raia yeyote anaweza kuingia na kusoma ilichojihesabu. Bodi ya Huduma za Maktaba ilikuwa imeanzishwa kwa sheria ya 1963, na sheria ya 1975 iliyofuata inawataka wachapishaji kuwasilisha nakala za machapisho yao kwenye maktaba ya taifa. Ripoti za serikali zina kundi lake humo. Pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nako kuna mkusanyiko wa East Africana, ambao mtafiti yeyote wa historia ya nchi hii ameutolea jasho, na humo ndimo penye tumaini kubwa kwa anayetafuta karatasi za kabla ya Uhuru.

Kikwazo cha kwanza kwenye katalogi ni jina la mwandishi. Kitabu cha sensa hakina mwandishi mtu, mwandishi wake ni ofisi, na ofisi imebadili jina na wizara mara kadhaa. Ofisi ya Taifa ya Takwimu kwa jina tulilozoea ilianza kazi kama wakala wa serikali mwaka 1999. Kabla ya hapo ilikuwa idara iliyohamishwa hamishwa kati ya mipango na fedha. Na ukirudi nyuma ya Uhuru, ripoti kadhaa za sensa za Tanganyika za 1948 na 1957 zilichapishwa na idara ya takwimu ya Afrika Mashariki iliyokuwa Nairobi. Kwa hiyo mtu anayetafuta idadi ya watu wa Tanzania kwa neno Tanzania hatapata chochote cha kabla ya 1964, na katalogi haitamwambia kwamba kitu kipo chini ya Tanganyika, na kwamba mchapishaji huenda ni wa Nairobi. Mkutubi atamwambia.

Kikwazo cha pili ni rafu. Maktaba nyingi za umma hupanga vitabu kwa mfumo wa Dewey. Katika matoleo ya zamani ya mfumo huo takwimu za watu ziliwekwa namba 312. Baadaye namba hiyo ikaachwa, na masomo ya idadi ya watu yakahamia 304.6. Sensa ya 1978 na sensa ya 2002 zinaweza kuwa kwenye rafu zilizo hatua kadhaa mbali, wala hakuna aliyekosea. Muulize mkutubi kabla hujakata tamaa.

Ukishakipata kitabu, usianze na jedwali. Anza nyuma, penye viambatisho, utafute dodoso, yaani karatasi ya maswali ambayo karani wa sensa alikuja nayo mlangoni. Sensa haiwezi kujibu swali ambalo haikuuliza. Nina hakika msomaji amewahi kuona kwenye mtandao jedwali linalodai kwamba kwa mujibu wa sensa ya mwisho kabila fulani ni asilimia kadhaa ya Watanzania, au kwamba dini fulani imeipita nyingine. Jedwali hilo limetungwa. Sensa yetu ya mwisho kuuliza kabila na dini ilikuwa ile ya 1967. Tangu hapo maswali hayo yameondolewa, na uamuzi huo umezua mabishano makubwa. Mwaka 2012 baadhi ya taasisi za Kiislamu zilitaka swali la dini lirudishwe, na ukatolewa hata wito wa kususia kuhesabiwa. Mtu anaweza kuwa na msimamo wowote kuhusu uamuzi huo. Asichoweza ni kuninukulia asilimia kutoka kitabu ambacho nimekifungua, na katika dodoso lake sikuliona swali hilo.

Angalia pia nani aliulizwa. Mwaka 2012 kulikuwa na dodoso fupi na dodoso refu, na lile refu lilipelekwa kwa takriban asilimia 30 ya maeneo ya kuhesabia. Idadi ya watu wa kata yako imetokana na kuhesabiwa kwa kila mtu, lakini baadhi ya sifa zao, kama vile mambo ya uzazi na vifo, zimekadiriwa kutokana na sehemu hiyo ya kaya. Tanbihi chini ya jedwali ndiyo husema hivyo, kwa herufi ndogo ambazo mtu akipiga picha kwa simu huwa anazikata.

Halafu kuna miaka. Tumezoea kusema sensa ni kila baada ya miaka kumi, na kweli ilikuwa hivyo kutoka 1978 hadi 1988, halafu tena 2002, 2012 na 2022. Kati ya 1988 na 2002 kuna miaka 14. Mwaka 1988 tulikuwa milioni 23.1, mwaka 2002 tukawa 34,443,603. Anayegawanya ongezeko hilo kwa miaka kumi kwa mazoea atapata kasi ya asilimia 4 kwa mwaka na kuandika makala ya kutisha. Kasi halisi ilikuwa karibu asilimia 2.9.

Kwa Zanzibar hatua inaongezeka. Sensa ni moja, na mwaka 2022 iliwakuta Watanzania 61,741,120, kati yao 1,889,773 wakiwa Zanzibar. Lakini takwimu nyingine nyingi za Visiwani zinatoka kwa Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali ya Zanzibar, nayo ina machapisho yake. Kwa historia, usitafute namba moja ya nchi nzima ya mwaka 1957. Tanganyika ilihesabiwa mwaka huo, Zanzibar ikahesabiwa mwaka uliofuata, 1958, na kukutwa na watu 299,111. Wakati huo zilikuwa nchi mbili. Kuna waandishi wanaozijumlisha na kuziita Tanzania bila kutoa maelezo, na hilo huniudhi, kwa kuwa maelezo yenyewe ni sentensi moja tu.

Kadiri unavyorudi nyuma ndivyo namba inavyolegea. Hesabu ya 1931 iliwaweka Waafrika wa Tanganyika kwenye takriban milioni 5, na ya 1948 karibu milioni 7 na nusu. Sehemu ya ongezeko hilo ni watu waliokuwapo siku zote ila hawakuhesabiwa. Enzi zile hesabu zilifuata orodha za kodi, na mwenye akili alijua kwamba anayemhesabu leo kesho atarudi na stakabadhi. Robert Kuczynski, mwanademografia aliyechambua takwimu za makoloni ya Uingereza katika juzuu yake ya 1949 kuhusu Afrika Mashariki, alizipitia hesabu za kabla ya 1948 moja moja na kuonyesha ni ngapi kati yake zilikuwa makisio ya maofisa waliokaa mezani. Kitabu chake ni kikavu, lakini ukikipata maktabani kisome. Kinamfundisha mtu kuiheshimu namba kwa kujua ilivyopatikana.

Nisieleweke kwamba napinga mtandao. Ripoti za sensa za karibuni ziko kwenye tovuti ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu, zinapakuliwa bure, na hilo ni jambo jema sana kwa mwanafunzi aliye Kigoma au Muscat. Sampuli za sensa za 1988, 2002 na 2012, majina yakiwa yameondolewa, zinatunzwa pia kwenye hifadhi ya kimataifa ya Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, kwa watafiti wanaojisajili. Majibu ya mtu mmoja mmoja kwa jina hutayapata popote, sheria inayalinda, na hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa. Lakini mtandaoni unafika moja kwa moja kwenye namba uliyoiomba. Maktabani, ukiwa njiani kuelekea kwenye namba yako, unapita mbele ya vitabu vingine. Unaona kwamba kando ya sensa kuna Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya, ambao ndio unaosema kuhusu umaskini, na kwamba huo ni utafiti wa sampuli usioweza kushuka hadi kwenye kata yako hata ukiulazimisha. Unaona kitabu cha *Hali ya Uchumi wa Taifa*, kinachotolewa kila mwaka kwa Kiswahili, ambacho wanafunzi wengi hawajui hata kama kipo, nao wanahangaika kutafsiri majedwali kutoka Kiingereza. Unaona juzuu za makadirio, na hapo unaelewa kwamba ile idadi ya watu wa mwaka huu iliyosomwa redioni haikuhesabiwa na mtu, imekokotolewa kutoka sensa iliyopita.

Mpwa wangu aliziacha zile kurasa tatu. Hakuzichana. Alizibandika mwishoni mwa daftari, akaandika upya akianza na jedwali la kata za Chunya. Msimamizi wake alimwomba arudi nyuma zaidi, aonyeshe Mbeya ilivyokua tangu Uhuru. Maktaba ya mkoa haikuwa na juzuu za zamani kiasi hicho, hivyo akapanda basi hadi Dar es Salaam. Nilimsindikiza mpaka mezani kwa mkutubi, safari hii baba wa makamo mwenye kalamu sikioni.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Sema, binti."

"Naomba sensa ya 1967. Nataka Mbeya ile ya kabla ya 1974, iliyokuwa na Sumbawanga ndani yake, kabla haijaundwa Rukwa."

Yule baba alitoa kalamu sikioni, akavuta karatasi ya maombi, akaanza kuandika.